Maiki Kwenye Kona ya Mama Mkwe

Jumatano, tarehe 7

Leo nimeona maajabu! Nilikuwa nafagia na kupanga viti ukumbini, mwanangu Donge mgongoni, akaingia fundi mitambo. Mwanamke! Funguo kiunoni, penseli nyweleni. Akasimamisha maiki moja nyembamba katikati ya ukumbi, akabandika alama ya utepe mweusi sakafuni chini yake, akawasha spika. Shaaaa! Kama mvua juu ya mabati. Donge, badala ya kulia, akalala fofofo.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ananyoosha chumba. Nikacheka, nikamwambia pasi hatuna. Akacheka zaidi yangu, akaniita nitazame kompyuta. Mstari wenye milima na mabonde. Kila chumba kina tabia yake, akasema. Pale kinapovimbisha sauti, mlima. Mlima unanyolewa. Bonde usilijaze kwa nguvu, utaumia bure. Akashusha kidole taratibu, mlima ukaisha.

Ukimtoa Donge, sijaona kitu kizuri kama kile.

Alhamisi, tarehe 8

Mama mkwe kaja. Begi kubwa, shauri moja. Jumamosi mchana atamsikiliza mwanawe, Baba Donge, akipiga gitaa la besi na bendi. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, mwanawe aache muziki akauze saruji kwa mjomba wake.

Anasema kila akija kuwasikiliza anasikia kinanda tu. Eti Baba Donge husimama na gitaa kama anamshikia mtu aliyekwenda msalani! Baba Donge akacheka, lakini chakula hakumaliza. Roho iliniuma. Vidole vile! Akipiga, hata Donge anatikisa makalio, na kusimama bado hajui. Saruji itamuua.

Lazima nifanye kitu. Kitu gani? Sijui. Lakini nina akili, mama yangu aliniambia.

Ijumaa, tarehe 9

Nimefanya kitu!

Spika zimesogezwa kidogo, kwa hiyo Fundi anapima upya. Leo nimebeba nyaya hadi kaniita msaidizi wake. Msaidizi! Akanieleza kwamba maiki ile ndiyo sikio lake. Sikio linapokaa, ndipo anaponyoosha.

Hapo hapo akili ikawaka. Mama mkwe hukaa wapi? Kona ya nyuma, siku zote. Mgongo wake hautaki kiti kisicho na ukuta. Basi sikio likakae huko! Anyooshewe yeye, wengine Mungu atawaona.

Fundi alikuwa nyuma ya jukwaa na mashine zake. Akanipigia kelele, Mama Donge, maiki iko kwenye alama? Nikajibu iko. Wala sikudanganya. Alama nilikuwa nimeibandua nikaenda nayo konani pamoja na maiki.

Shaaaa! Nikamsikia akishangaa, jamani, ukumbi huu tangu juzi umeota mlima kwenye besi! Akanyoa. Akanyoa tena. Nami nikifurahi kila akinyoa, nikidhani ndiyo besi inapambwa. Nikairudisha maiki kabla hajatoka. Alama nikaisahau.

Nikaenda kumwona mshereheshaji pia. Nikamwomba kesho amtambue mama mkwe, ni mama wa msanii. Kazi mtu huifanya pande zote.

Jumamosi, tarehe 10

Mola wangu!

Mshereheshaji alimtambua, tena sana. Akasema mama wa mpiga gitaa hawezi kukaa konani kama mwavuli. Akamkokota hadi mstari wa mbele, kiti cha mto! Mama mkwe kafurahi, mgongo kausahau. Mimi jasho.

Bendi ikaanza. Kinanda, ngoma, waimbaji. Besi? Hakuna! Sauti nyembamba, kama redio ndani ya sufuria. Baba Donge anapiga kwa moyo wote, vidole vinatembea, hasikiki. Mama mkwe akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayejikuna hadharani. Mpiga kinanda akatabasamu. Yule! Nikakimbilia konani kusikiliza. Konani besi tamu kama nini. Konani hakuna mtu.

Fundi akaacha mitambo yake, akazunguka ukumbi akiinamisha kichwa. Mbele. Katikati. Nyuma. Akafika konani. Akasimama. Akatazama chini, ile alama nyeusi pale! Akauliza imeota miguu? Nikasema labda ni anayefagia. Akauliza anayefagia ni nani. Nikamtazama Donge. Donge akatazama feni.

Hakunikemea. Alisema tu konani besi hujazana kama watu mlangoni, ukiinyoa hapo umeunyang'anya ukumbi mzima. Kisha akaenda mbio, akagusa mitambo, wimbo wa pili haujaisha.

Ukumbi ukapata tumbo! Nimekosa neno jingine. Viti vilitetema. Mama mkwe akashika kifua, akadhani ni presha. Akamtazama mwanawe. Akatazama vidole. Hakupepesa macho tena mpaka mwisho.

Tukitoka alimshika Baba Donge shavu mbele ya wenzake wote, akasema kumbe wewe ndiye unayewabeba, hawa wengine wamepanda tu mgongoni kwako. Mpiga kinanda alisikia! Mjomba atafute mtu mwingine wa saruji. Baba Donge alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Jumapili, tarehe 11

Nimekwenda kumwomba Fundi msamaha. Mtu mwema yule. Akanisamehe kwa masharti mawili, maiki ya kupimia nisiiguse tena maishani, na nije Ijumaa kujifunza kuzungusha nyaya vizuri. Nimeapa. Donge shahidi.

Mama mkwe kaahirisha safari. Jumamosi ijayo Baba Donge anapiga peke yake wimbo mzima, na mama anataka kiti kile kile cha mto. Anataka besi ile aisikie zaidi, hadi kwenye magoti.

Maiki sitaigusa. Nimejifunza, na kiapo ni kiapo. Lakini leo nikipanga viti nimeiangalia vizuri ile spika kubwa ya besi.

Kumbe ina magurudumu.