Risasi ya Kumi na Mbili

Wakili Suti alimnusa mtu aliyekwama kama fisi anavyonusa mfupa. Uwakili alipewa na suti yake, si na chuo chochote, na ofisi yake ilikuwa benchi la nje ya dirisha la usajili wa silaha. Asubuhi hiyo, mjane mmoja alikuwa pale dirishani.

"Marehemu mume wangu kaacha risasi kumi na moja. Nataka kuzirudisha."

"Daftari linasema kumi na mbili, mama," karani akajibu. "Pungufu hazipokelewi."

"Basi nikae nazo?"

"Kukaa nazo ni kosa. Leseni ilikufa na mwenyewe. Umekuja nazo?"

"Ziko nyumbani."

"Afadhali. Kuzibeba bila kibali ni kosa jingine. Na kibali unapewa ukishazileta zikaguliwe."

Karani akafunga dirisha, roho kwatu. Serikali ile haikujua idadi ya shule zake, lakini risasi za mzee aliyekuwa akifukuza nyani shambani ilizijua moja moja, kama shanga za bibi harusi.

Suti akamfuata mjane hadi kwake. "Nina mteja mwenye leseni, mama. Nazihamishia kwake leo hii." Jicho lake lilishatua kwenye pikipiki ya marehemu. "Sitaki hela. Hicho chuma kikuukuu kitanitosha."

"Kichukue, mwanangu. Ila tuandikiane, wasije wakakuita mwizi."

Hapo ndipo tamaa ilipomshika pua. Bila karatasi asingeweza kuiuza pikipiki, basi akatoa jina lake halisi, namba ya kitambulisho na dole gumba. Mjane akaandika taratibu: pikipiki moja, pamoja na risasi kumi na mbili. Suti aliiona ile kumi na mbili akaimeza. Hesabu za wajane zilimhusu nini? Mteja mwenye leseni alikuwa wa kutunga tu. Risasi akazitumbukiza kwenye choo cha shimo nyuma ya soko, akaondoka akipiga mluzi.

Kabla ya adhuhuri mjane alikuwa dirishani na karatasi yake. Karani akaisoma mara mbili, akagonga muhuri kwa furaha. Hatimaye daftari lilikuwa na mtu hai wa kubanwa.

Siku ya tatu askari wakamshusha Suti kwenye pikipiki, nayo ikazuiliwa kwa kubeba risasi bila kibali. Suti akasema ukweli. Ulimtoka kwa shida, maana hakuuzoea.

"Chooni?" karani akauliza. "Kutupa nako kuna kibali chake. Kazitoe. Zikitimia, tutazungumza."

Wiki nzima Suti alichota uchafu kwa ndoo, suruali ya suti imekunjwa magotini, askari akimlinda kwa mbali, upande usio na upepo. Jumamosi mjane alipita akitoka sokoni, akasimama, akajifunika pua kwa ncha ya khanga.

"Pole na kazi, mwanangu. Umepata ngapi?"

"Kumi na moja," Suti akajibu bila kuinua uso.

"Hata mimi niliishia hapo hapo," mjane akasema, akashika njia yake.