Kontable wa Mama Nyirasafari

Tik. Kimya. Tik. Tik.

Kabla ya adhana ya alfajiri, Kadiri, aliyepanga chumba hapo jana tu, alifungua jicho moja gizani, na masikio yote mawili. Sauti ilipenya ukuta wa matete na udongo kutoka duka la jirani: kitu kidogo, kigumu, kikiangukia kopo la bati. Alihesabu mpaka mia mbili na kumi, akatabasamu. Yule mjane anahesabu faranga!

Mjane mwenyewe aliitwa Saidati, mzaliwa wa Ujiji, muuza chumvi, sabuni na vitenge hapa Gisenyi. Mumewe alifia safarini miaka sita nyuma. Mtoto wao alizaliwa njiani wiki hiyo hiyo, majirani wakamwita Nyirasafari. Huku ugenini Saidati hakuwa na ndugu, wala neno moja la Kifaransa. Na mwaka huo wa 1956 karani wa leseni alimwachia agizo: mwisho wa mwezi awe na daftari la hesabu za mwaka mzima, kwa Kifaransa, tarakimu zikubaliane, la sivyo duka lifungwe, arudi kwao. Aliuliza msikitini, akauliza sokoni, akafika mpaka misheni ya Nyundo: kontable mzuri anapatikana wapi? Wote waliojua hesabu walikuwa wameshachukuliwa na Wazungu.

Saa mbili asubuhi kontable mzuri akapiga hodi. Koti la kuazima, miwani isiyo na vioo, kalamu nyuma ya sikio. Huko Bukavu Kadiri alikuwa amefagia ofisi ya hesabu miaka miwili, na elimu aliyoondoka nayo haikuwa ndogo: alijua jinsi kontable anavyokohoa kabla ya kutaja kiasi.

"Mama Nyirasafari, pole na mateso," alisema, akakohoa. "Mi niko Kadiri, kontable. Bon. Kazi ya kwanza iko moja tu: feza yote nione na macho yangu."

"Alhamdulillahi! Na miwani hiyo, bwana Kadiri, inaona vizuri?"

"Hii ni ya mbali, mama. Ya karibu ilibaki Bukavu."

"Haya. Lakini kwetu Ujiji, anayeshika mali ya mjane huweka dhamana kwanza."

Kadiri alipiga hesabu pekee aliyoijua: baiskeli yake na faranga elfu moja alizomlaghai muuza samaki wa Goma, dhidi ya kopo zima. Akatoa vyote viwili kwa moyo mkunjufu. Saidati akavifungia ndani, akaleta kopo, akalimimina mezani.

Maharage.

"Hii ndiyo hesabu yangu," alisema kwa fahari. "Meupe ni chumvi, mekundu ni sabuni, yenye madoa ni vitenge. Punje moja, faranga ishirini. Pesa zenyewe ziko kwa watu: wavuvi, mafundi cherehani, wakulima wa Rugerero. Nani anaweka faranga kwenye kopo, bwana? Zitaibwa!"

Kadiri alishika meza. Kisha akajipa moyo: mama huyu hajui kusoma. Atajaza kurasa zozote, achukue vitu vyake, aende zake. Akaandika majina ya mitaa ya Bukavu na mikwaruzo mitupu, kesho yake akasoma tarakimu zilizomjia, kwa sauti ya padri. Saidati akaridhika. Siku ya tatu akasema, "Nisomee tena ule ukurasa wa pili."

Kadiri akasoma.

"Jana chumvi ilikuwa mia nne na sitini," alisema Saidati taratibu, huku akimsuka binti yake. "Leo mia tano na ishirini. Imenyeshewa, ikavimba?"

"Ah, mama, unajua Kifaransa inabadilikaka..."

"Kifaransa sijui. Nakumbuka tu. Anza upya."

Kadiri alikuwa ametunga uongo mwingi maishani, lakini hakuwahi kuombwa aurudie. Mara tatu akanaswa, mara tatu akaanza upya. Mwishowe laghai huyu mashuhuri alifanya jambo la aibu, ambalo wenzake wa Goma wasilisikie: alijiandikisha masomo ya jioni. Kwa mwalimu Ntawukuriryayo, akibanana na wapishi na washonaji, alijifunza maneno ya hesabu ya Kifaransa na kuugawa ukurasa: huku zilizoingia, huku zilizotoka, chini zilingane. Asubuhi alimuuliza Saidati punje moja moja. Ukurasa wa kwanza ulipolingana aliruka juu. Akamwonyesha mtoto. Akamwonyesha mbuzi.

Jumamosi ya mwisho daftari likaisha. Ukurasa wa mwisho aliujumlisha mbiombio, akili iko kwenye baiskeli. Karani angekuja Jumatatu. Saidati akaitoa baiskeli, imepanguswa inang'aa.

"Na ile elfu yangu, mama?"

"Ukurasa wa kwanza ulinisomea: Kadiri, faranga elfu moja. Uliandika upande gani?"

"Wa... zile ziliingia."

"Basi ziliingia. Nikizitoa, chini patalingana?"

Kadiri alijumlisha kwa vidole. Hapatalingana. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mama huyu kanuni hiyo.

"We mama! Ulijua tangu siku ya kwanza mi siko kontable!"

"Miwani bila vioo, bwana? Nilitafuta kontable nikakosa. Nikapata mtu mwenye akili, na baiskeli yake iko kwangu. Nikasema, huyu atafaa. Hiyo elfu ni ada ya shule. Ukibaki, mshahara mia nane kwa mwezi, na chai."

"Mi nibaki? Jamais!"

Akapanda baiskeli kwa hasira ya mtu aliyeibiwa mali ya wizi, akafuata barabara ya Goma. Alikuwa wa tatu kwenye foleni ya barieri ya mpakani pale hesabu ya sabuni ilipomjia kichwani. Mia tatu na arobaini. Kule ukurasa wa mwisho aliandika mia tatu na nne.

Jumatatu karani ataona. Duka litafungwa. "Muzuri sana!" alijiambia, akacheka. Kicheko kikagoma katikati.

"We, pita!" askari alifoka.

"Inapungua makumi tatu na sita," Kadiri alisema.

"Nini?"

"Sabuni."

Dukani, Saidati alikuwa ameinama akipima chumvi ya mteja. Kengele ya baiskeli ililia nje. Kadiri akaingia bila salamu, jasho tele, akavuta daftari, akafunua ukurasa wa mwisho, akakohoa. Saidati hakuinua uso, lakini chumvi ilimwagika nje ya mizani.

Nyirasafari, nywele zimesukwa nusu, akasema kwa sauti, "Mama, kontable wetu amerudi."