Matembele Yangu mu Njia ya Ndege

Kazi moja ya juma, tarehe 3 février

Rémy, weye mukatekista usiye na haya! Kusimama katikati ya matembele yangu na viatu, kuniambia niyang'oe! Eti siku ya posho, tarehe 8, ndege kadogo ka misioni kataleta munganga wa macho. Eti hii majani njo uwanja wake wa kushukia. Miaka sita hapana ndege hata moja! Minye nikalima, matembele yakatoka ya butamu. Leo niyatoe juu ya ndege? Hapana.

Kazi tatu, tarehe 5

Mvula mingi. Nilienda kukanyaga uwanja mwenyewe. Mwisho wa kule, pembeni ya karanga za jirani yangu Gertrude, mguu unazama sawa mu bukari ya maji, ugali usioiva. Kwangu, mwisho wa huku, ni ngumu, juu tunapitaka na ndoo kila siku. Nikapata akili! Ndege ishukie kule. Tope itaishika miguu, haitafika kwangu.

Itajua namna gani? Mugeni munene akifika, sisi bamama tunamutandikia pagne, vitenge vyetu, chini, akanyage. Ndege nayo ni mugeni.

Kazi tano, tarehe 7

Cathy, mujukuu wangu, anacheka. Anasema kaku, ndege si askofu. Nikamuuliza nani alimulea. Akabeba ndoo, akaenda.

Gertrude nilimudanganya kwamba upande wake umechaguliwa kwa heshima. Alifurahi, mupumbavu! Akanipa pagne sita.

Posho, tarehe 8

Pagne kumi na mbili chini kwa upande wa Gertrude. Rémy akauliza ni za nini. Nikamwambia aende kupanga kwaya.

Ndege ikakuya. Ikapita chini-chini juu ya pagne, ikaangalia, ikaondoka! Ikazunguka, ikaruka pagne zangu zote, ikashuka katikati ya uwanja. Pua juu, sawa Gertrude akienda komunyo. Na haisimame! Inateleza tu, inakuya, inakuya... mu matembele yangu! Nikapiga kelele mpaka bantu ba mji wa Kambove bakasikia.

Piloti, jina Étienne, akatoka. Majani yangu yote mu magurudumu. Akauliza nani muntu wa akili aliyeweka alama ya nguo penye tope. Anasema angeshukia pale, ndege ingeanguka na pua. Anasema penye majani yenye maji ya mvula hapana kufunga breki, unaiacha iteleze mpaka penye udongo ngumu. Udongo ngumu, njo bustani yangu!

Bantu wote kupiga makofi. Gertrude naye! Nikasema ni minye. Ningekataa juu ya nini?

Majani yaliyopondwa nikayapika na mafuta ya mawese. Piloti alikula sahani tatu. Munganga akanipa miwani. Nikamuona Gertrude vizuri. Amezeeka!

Siku ya Mungu, tarehe 9

Ndege itarudi kisha mwezi moja. Rémy aliniomba mbele ya kanisa lote nihamishe bustani. Nikajibu ndiyo, baba, na sauti ya upole.

Usiku nilifikiri vizuri. Akili yangu haikuwa na kosa. Kosa ni pagne za Gertrude: za zamani, zimepauka. Mugeni gani atakanyaga vile vitambaa? Ndege ilikataa na haki yake. Tukitandika za mupya, itashukia kule tu.

Cathy! Kesho asubuhi leta jembe na kamba za matembele, tunapanda palepale. Na ile pagne yako ya ndoa, itoe mu malle, lile sanduku lako, uifue.