Nafasi Moja, Michezo Mitatu

Jumatatu, 6 Mei

Nimeangamia. Nimejiangamiza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nafasi ya kudumu masjalani ni moja. Walio katika muda wa majaribio ni wawili: mimi na karani mwenzangu tunayemwita Laini, kwa kuwa hajawahi kusema neno likamkwaruza mtu. Mwisho wa Juni mmoja atathibitishwa, mwingine ataonyeshwa mlango. Mwamuzi ni Mama Mkuu wa Masjala, na Mama Mkuu ana mapenzi mawili duniani: majalada yaliyopangika, na yale mashindano ya kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, vyote kwa siku moja, kimoja juu ya kingine.

Leo wakati wa chai kauliza, hivi hivi tu, kama humu ofisini kuna kijana hata mmoja mwenye damu mwilini. Kimya. Mimi kimya cha wakubwa hunitisha kuliko kelele zao. Nikasikia sauti ikisema, mimi, mama, nilishajiandikisha. Sauti ilikuwa yangu.

Laini ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Nimejiandikisha mchana, kwa siri. Karibu kilomita mbili majini. Tisini kwenye baiskeli. Ishirini na moja kwa miguu. Nilidhani ni makosa ya uchapaji. Si makosa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemweleza dada. Amecheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lenyewe si la kuchezea, amebakiza miezi miwili. Shemeji kauliza kama kwenye mashindano hayo sofa inaruhusiwa, maana hajaniona mbali nayo tangu nihamie.

Ni kweli nalala kwenye sofa yao. Kitanda cha mtoto kimeshanunuliwa na hakina pa kukaa ila miguuni pangu. Dada kasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: mdogo wangu, sikufukuzi, lakini mtoto hatasubiri mkuu wako aamue. Nikithibitishwa nitapanga chumba. Nisipothibitishwa sijui nitalala wapi.

Asubuhi nimekwenda kujifunza kuogelea. Mwalimu kaniweka na watoto, upande wa kina kifupi. Binti wa miaka sita hivi kanipita mara mbili. Mara ya pili alisimama akaniuliza, anko, uko salama? Nikamwambia niko salama. Nilikuwa nimekunywa nusu ya bwawa.

Jumatano, 22 Mei

Mpango mpya, na wa heshima: kuugua.

Nimekwenda kwa daktari nikamweleza kwamba moyo unanienda mbio usiku na mchana. Kanipima kwa muda mrefu. Nikaanza kuwa na matumaini. Kisha kasema moyo wangu ni wa farasi na tatizo langu ni woga, na woga dawa yake ni mazoezi. Akaandika cheti kwamba ninafaa kabisa kushindana.

Nilikiacha mezani kwangu ofisini dakika chache tu nikaenda kunawa. Niliporudi, Laini alikuwa ameshakipeleka kwa Mama Mkuu, ati kunipongeza. Mama Mkuu kapita mezani kwangu akanigonga bega. Amenigonga kwa nguvu. Kasema atanitafuta kwenye maji, mwanangu.

Baiskeli nimeipata. Ni ya tarishi wetu, ya chuma, yenye kapu mbele. Tarishi kanipa kwa sharti moja: Jumatatu baada ya mashindano, asubuhi, aikute mahali pake, kwa kuwa barua hazijui michezo.

Jumamosi, 8 Juni

Kesho ndiyo kesho.

Utaratibu ni huu. Kila mshindani anafunga kofia ngumu na viatu vyake kwenye mfuko, anautundika kwenye ndoano yenye namba yake, kando ya ziwa. Ukitoka majini unakimbilia ndoano yako, unavaa, unapanda baiskeli. Bila kofia ngumu hawakuruhusu kupanda. Nimetundika wangu mapema. Nikarudi kuuangalia. Nikarudi tena.

Mara ya tatu ndipo nilipoona hali ilivyo. Aibu tupu. Watu wametundika ovyo, ndoano moja mifuko miwili, nyingine haina kitu, mingine chini kwenye majani. Nilikuwa nimetoka ofisini moja kwa moja, kitambulisho cha kazi kifuani. Dada mmoja mwenye fulana ya waandaaji, amechoka hoi, kakitazama kitambulisho akauliza: kaka, wewe ni wa kamati? Niliogopa kumvunja moyo. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Kashukuru Mungu, kaenda kula.

Kwa hiyo nimepanga. Kule masjalani kanuni ni ya Mama Mkuu mwenyewe, ameibandika ukutani: namba huchanganyika, jina la ukoo halichanganyiki. Kila mfuko una jina. Nikaanza na A nikamaliza na Z. Mifuko zaidi ya mia tatu, imenyooka kama gwaride. Kwa mara ya kwanza tangu Mei nimepumua vizuri.

Nikisimulia haya Jumatatu, Laini atakoma.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa haiwezekani.

Majini nilikuwa wa mwisho, au karibu. Waokoaji walinifuata na mtumbwi wao njia nzima, mmoja akinihimiza kama mtu anayemhimiza ng'ombe: haya, haya, usisimame. Nilitoka nikitambaa. Nilitegemea kukuta pamebaki mfuko wangu tu.

Mifuko karibu yote ilikuwepo. Na watu wote walikuwepo. Watu wazima, wamelowa, wanazunguka kati ya ndoano kama waliopotelewa na watoto sokoni. Kila mmoja kaenda kwenye namba yake, kakuta mfuko wa mwingine. Bwana mmoja alikuwa amekaa chini anatukana polepole, neno moja moja. Ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Wangu niliupata mara moja. Ningeshindwaje?

Nilikuwa nafunga kofia pale Mama Mkuu aliponiona. Alikuwa ametoka majini kati ya wanawake watatu wa kwanza. Mwaka mzima amejiandaa kwa ajili ya siku hii, kwa sababu ni wale wa mbele tu wanaopata nafasi kwenye yale mashindano marefu ya Novemba, marefu mara mbili ya haya. Pembeni yake Laini, mkavu kabisa, kamshikia taulo. Mama Mkuu hakuwa na sauti ya ofisini. Kaniomba. Kasema, mwanangu, nisaidie, hujaona mfuko wangu?

Nilijua ulipo. Safu ya tatu, ndoano ya pili kutoka mwisho, karibu na bomba. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na nilijua kwamba nikisema tu ulipo, ataniuliza nimejuaje.

Nikasema, pole sana, mama. Nikapanda baiskeli ya tarishi nikaondoka.

Kwa muda wa kama saa nzima nilikuwa mbele ya karibu kila mtu. Wanavijiji kando ya barabara walishangilia kapu. Kisha wakaanza kunipita, mmoja mmoja, na nyuso za watu wanaotafuta wa kuua. Mama Mkuu alinipita kwenye mlima. Hakunitazama. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kiume.

Waandaaji waliongeza muda wa kumaliza kwa sababu ya vurugu ile. Bila hivyo wangeniondoa barabarani. Kwa hivyo nilimaliza. Nyuma yangu alikuwepo tu mzee wa kukusanya vizuizi.

Jumatatu, 10 Juni

Baiskeli imerudi mahali pake. Mimi sijui kama nimerudi.

Mama Mkuu ameingia akichechemea, akaamuru milango ifungwe. Kasema amekosa nafasi ya Novemba. Kasema anamtafuta aliyechezea mifuko, na akimpata, hata akiwa ni mtoto wa waziri, atajuta kuzaliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la M hadi P. Nilipanga kubaki pale mpaka nistaafu.

Ningenyamaza. Kila kiungo mwilini kiliniambia ninyamaze. Lakini akaendelea. Kasema aliyefanya vile ni mtu asiyejua mpango wala mpangilio, mtu aliyekoroga mifuko kama uji. Laini kaitikia, kabisa, mama, mtu wa fujo fujo tu. Kama uji, mama.

Mifuko zaidi ya mia tatu. Kwa mkono. Bila kosa hata moja.

Nikatoka nyuma ya kabati nikasema, samahani, mama, si uji. Ilifuata jina la ukoo. Kama ukutani pale.

Mama Mkuu kaugeukia ukuta. Kaisoma kanuni yake mwenyewe kutoka juu hadi chini, kana kwamba imeandikwa na adui. Kisha kaniuliza, sauti ya chini sana: na wangu ulikuwa wapi? Nikamwambia. Safu ya tatu, karibu na bomba. Akasema: kwa hiyo ulijua.

Nikasema, pole sana, mama.

Ijumaa, 14 Juni

Imeamuliwa, hata mwisho wa Juni haukungojwa. Laini amethibitishwa. Mtu aliyeshika taulo! Kanikumbatia, kaniambia kaka, nafasi ni Mungu tu, na hata hapo hakunikwaruza.

Mimi sikufukuzwa. Mama Mkuu kasema mtu anayepanga mifuko mia tatu bila kosa hawezi kumtupa, na mtu aliyemwacha kando ya ziwa vile hawezi kumpa kazi. Muda wa majaribio umeongezwa hadi Desemba. Kama nitabaki ataamua baada ya Novemba.

Kwa nini Novemba? Kwa sababu waandaaji wameomba radhi. Kila aliyemaliza Jumapili ile amepewa nafasi ya bure kwenye yale marefu. Yeye amepata. Na mimi nimepata, kwa kuwa nilimaliza, kwa kuwa waliongeza muda, kwa kuwa nilipanga mifuko. Nimekaa nikalitazama hilo kwa muda mrefu.

Mama Mkuu kasema anataka niwe mbele ya macho yake siku nzima, mikono ionekane. Kauliza kama mwili utaweza. Nilikuja na jibu tayari, nimelifanyia mazoezi bafuni: hapana, mama, siwezi. Kukawa na kimya. Nikasikia mtu akisema, yale mafupi yaliniacha na njaa, mama.

Nyumbani dada hakucheka. Kanyanyua miguu yake juu ya kiti, kasema basi, tutajibana mpaka Desemba. Shemeji ameisogeza sofa ukumbini, karibu na mlango. Kila anayeingia atanisalimia.

Lakini sijakata tamaa. Nimeutafuta mpango wa mashindano ya Novemba nikausoma wote. Mifuko huko ni miwili kwa kila mtu, na wataitundika tena kwa namba. Wanacheza na moto. Barua ya karani wa majaribio nani ataisoma? Kwa hiyo leo jioni nimewaandikia waandaaji barua yenye adabu, kurasa nne, kuwashauri watumie jina la ukoo, na nikaitia sahihi ya Mama Mkuu.

Sitamwambia. Nataka ajionee mwenyewe siku hiyo.