Tata Apima Hewa ya Kemondo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kibali kimekwama. Nyumba kumi za kupangisha, Kemondo, kiwanja kinachopakana na kinu cha kukoboa kahawa, na Nuriat wa mipango miji anataka kwanza kupima vumbi! Siku saba. Anasema sharti la makazi mapya ni hewa: vumbi likizidi kiwango, nisogeze nyumba mita sitini, nipande ukanda wa miti. Mita sitini! Nitakuwa najenga ziwani. Na nyumba ya kwanza nimemwahidi shangazi Anatolia, mwenye pumu. Hilo sikumwambia Nuriat. Ameniachia kisanduku cheupe kinachovuta hewa chenyewe. Kinasikika kama mtu aliyelala.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata akili. Nimekihamishia Maruku, kibanjani kwetu, katikati ya migomba. Hewa ya kule haina kasoro. Nikakitundika kwenye mti wa mbuni ulio juu ya kaburi la tata, baba yangu, maana ndipo penye kivuli. Shangazi, anayeishi pale peke yake, hakupenda. Akasema kitu kigeni hakiingii kibanjani bila kumwambia aliyelala humo. Nilikuwa na haraka zangu. Nikavua kofia, nikasema kwa sauti, "Tata, hiki ni cha kupima hewa ya Kemondo. Nisaidie."

Tata alikuwa mpima mizani wa kinu kile kile miaka thelathini, hadi kifua kilipomuua. Hakuwahi kumwongezea mtu hata gramu. Mtu mgumu sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepita Maruku. Kimya. Hata ndege hawakuwepo. Migomba yote kijani, isipokuwa ile ya karibu na kaburi: kahawia. Nikapitisha kidole kwenye jani. Makapi ya kahawa! Hakuna kinu Maruku. Shangazi anasema yanaanza kutua saa mbili asubuhi, yanakoma saa sita, yanaanza tena saa nane. Saa za kazi za kinu cha Kemondo. Nikamwambia ni upepo. Hapakuwa na upepo. Niliogopa, nikaondoka bila kuaga.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemrudishia Nuriat kisanduku, amekisoma ofisini. Vumbi mara nne ya kiwango, kila siku isipokuwa Jumapili. Akasimama, akanipa mkono. Anasema waombaji wengi hukihamisha. Mimi ndiye wa kwanza kukiacha mahali pake. Nilitaka kulia. Kibali kimekataliwa. Ila kwa uaminifu wangu atapima mara ya pili, na safari hii atakifunga mwenyewe kwa kufuli, Kemondo.

Alhamisi, 14 Agosti
Amekifunga leo asubuhi. Nilisimama kando nimekata tamaa kabisa, nikisubiri vumbi. Halikuja. Kinu kinanguruma, makapi yanatoka kwenye bomba, lakini hayatui popote. Yanapanda kidogo, halafu hayapo. Nuriat akafuta miwani yake, akatazama tena. Mimi nilielewa. Nikapanda bodaboda hadi Maruku.

Tata bado yuko kazini! Nilimwomba anisaidie, na hakuna aliyemwambia aache. Kisanduku tulikiondoa, yeye anaendelea kuleta. Kibanja chote sasa ni kahawia, hadi kizingiti cha nyumba. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, kanga mdomoni, kifua kinapiga filimbi. Hakunigombeza. Aliniomba tu, polepole, akipumzika kila baada ya neno.

"Waitu, tafadhali, Mwesiga. Nenda kamwambie kaka yangu imetosha."

Nilimwonea huruma, kwa kweli. Nikaenda moja kwa moja kaburini. Pale nikahesabu: leo Alhamisi, siku saba za kupima, Alhamisi ijayo. Nikamwambia tata aendelee hadi Alhamisi ijayo, asipunguze. Mbuni ukatikisika, peke yake kati ya mibuni yote.

Nikarudi kwa shangazi, nikamwambia avumilie wiki moja tu. Nyumba yake ya Kemondo itakuwa na hewa safi sana.