Kisu Changu na Vidonge Vyako vya Damu

Waa, Kwale
12 Agosti 1998

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Moyo,

Assalaam aleikum. Mimi ni Waziri, mchinjaji wa hapa Waa, uliyenitia kilango cha chuma moyoni mwezi wa Machi, ukanipa na vidonge vya kuzuia damu isigande nisije nikapigwa na kiharusi. Kwa hayo nashukuru. Lakini nina malalamiko.

1. Ulisema nijihadhari na vyenye makali, kwani nikijikata damu haitakatika upesi. Kosa lako, kwa heshima zote, ni kuyasema hayo mbele ya mke wangu Twaiba. Siku ile ile alificha kisu, wembe na sindano. Mbuzi ya kukunia nazi ameihamishia kwa dadake.

2. Ulisema mboga za majani nile kiasi kile kile kila siku, zisije zikavuruga kazi ya vidonge. Twaiba hunipimia mchicha kwa kikombe cha chai. Harusini kwa shemeji yangu Randu watu walikula pilau, mimi nina kikombe changu, wakwe wananitazama.

3. Kilango chako kinalia tik tik. Msikitini jirani yangu wa safu aliniomba niwe naacha saa nyumbani. Sina saa.

4. Hili ndilo liniumalo hasa. Miaka thelathini Waa nzima imeleta kuku kwangu. Hata Mwangangi, Mkristo wa kutoka bara, akialika Waislamu huniletea jogoo wake nimchinjie. Sasa anachinja Twaiba! Nilikwenda kumshtaki kwa shehe. Shehe akasema ni halali, na tena mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Hilo la pili sikumuuliza.

Kwa hivyo naomba moja katika mawili: uniachishe vidonge, au umwandikie na Twaiba vidonge hivyo hivyo, kisu tukikose sote. Haki ni haki.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenishika mkono nilipokuwa nalia.

Wasalaam,
Waziri
(alama ya kidole gumba)

Tanbihi: Barua hii nimeiandika mimi Twaiba, neno kwa neno kama alivyonitamkia, kwa sababu kalamu ina ncha. Vidonge vimebaki vitatu, naye tangu asubuhi ameniuliza mara nne kama mpeleka barua ameshaondoka, vidonge visije vikamwishia. Tafadhali mpe vya mwezi mzima.