Ofisi Ndogo Katika Seva Isiyo na Sheria

Kwa unyenyekevu mkubwa, Idara ya Utaratibu inatangaza kwamba imefungua ofisi ndogo ndani ya mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, katika seva, yaani uwanja wa mtandaoni, isiyo na sheria hata moja. Humo wachezaji huibiana, huuana na kubomoleana nyumba. Mkurugenzi aliona wanatuhitaji. Waziri angekuja kukagua Ijumaa. Akiikuta ofisi imesimama, Mkurugenzi angepanda cheo. Asipoikuta, angehamishiwa stoo.

Mimi, katibu wake, niliomba dua, tukawasha kompyuta. Jumatatu tulijenga ghorofa tatu za mawe. Kisha, kama taratibu zinavyotaka, tukawatangazia wachezaji wote mahali ilipo ofisi na saa za kazi.

Mama Chai alikuwa akikusanya vikombe. Alitutazama kwa huruma.

"Bosi, huko mtu hasemi anakoishi. Mimi na wanangu tunacheza humo; tulichimba shimo, tukajifukia. Mwaka wa pili huu, hatujaguswa."

"Mama, serikali haijifichi," Mkurugenzi akasema.

"Haya, baba."

Saa mbili kamili asubuhi ya Jumanne, wateja walifika. Walikuwa kumi na mmoja, na baruti. Nitasema haki: waliheshimu saa za kazi.

Tulijenga upya, tukaongeza kibao: *Ni marufuku kulipua jengo hili bila kibali.*

Alhamisi mchezaji aitwaye Nyundo akaandika, "Mzee, kibali napata wapi?"

Mkurugenzi alikaribia kulia kwa furaha. Mwombaji wetu wa kwanza. Fomu ilijazwa vizuri, hapakuwa na sababu ya kumkatalia. Mkurugenzi aligonga muhuri mwenyewe.

Ijumaa Waziri alisimama nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na shimo linalofuka moshi, na Mkurugenzi wetu akikimbia bila hata fimbo, Nyundo akimfuata. Mama Chai alikaa kwenye kompyuta ya pili, ametulia shimoni mwake.

"Mama, nifungulie."

"Una barua ya utambulisho?"

"Mama, wananiua."

"Picha mbili za pasipoti?"

"Mama, tafadhali."

"Leo tumefunga, baba. Njoo Jumatatu, uwahi foleni."

Waziri akavuta kiti, akaketi kando ya Mama Chai. "Dada, huko chini kuna nafasi ya ofisi?"

Mkurugenzi aliinuka polepole, akaanza kukusanya vikombe.

Namshukuru Mungu, stoo yetu sasa ina mkurugenzi. Fomu ya uhamisho aliijaza vizuri sana.